Jina Ambalo Dani Hakuliita

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kisegi, mtoto mchanga akikataa titi hakukimbizwa zahanati, kwanza aliulizwa yeye ni nani. Yaani mkubwa wa nyumba anaita majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, na jina atakalolinyamazia ndilo lake. Nilikuwa na miaka tisa ndugu yangu alipozaliwa. Siku ya tatu akakataa kunyonya tangu alfajiri, akalia mpaka sauti ikakauka, na mama yangu titi mkononi, machozi yanamdondokea mtoto usoni.

Dani, ndivyo tulivyomwita bibi yangu mzaa baba, akaita. "Okello? Owuor? Otieno?" Mtoto analia tu.

Nikatumwa kwa Sista wa zahanati, mtawa mfupi mwenye mwendo wa haraka, mzaliwa wa kisiwa cha Mayorka huko Uhispania. Akaja, akamkagua mtoto, akamdondoshea maji ya chumvi puani, akasema pua imeziba.

Dani akacheka. "Nyinyi Wahispania mna dawa ya kila kitu."

"Mimi si Mhispania, mama. Mimi Mmayorka."

"Aa, si nyote ni Wazungu tu?"

"Haya. Na wewe ni Mjaluo?"

"Nani Mjaluo? Mimi Msuba!" Dani aliruka kama amekanyaga kaa la moto.

"Msuba, na majina yote umeita ya Kijaluo?"

Sista, huku anafuta pua ya mtoto, akasema kwao pia mjukuu hubeba jina la babu, na bibi yake alichapwa shuleni kwa kusema lugha ya kisiwa chao, lakini jioni akifika nyumbani aliisema hiyo hiyo. Dani akatazama chini. Baadaye nilikuja kujua kwamba alipoolewa kwa Wajaluo, wake wenza walimwigiza matamshi mbele ya watu sokoni, akakifungia Kisuba, lugha ya kwao, kifuani, hata watoto wake hakuwafundisha.

"Kiboye," Dani akasema. Jina la baba yake mwenyewe. Akaongeza maneno ambayo hakuna mmoja wetu aliyeyaelewa.

Mtoto akashika titi.

Ni pua au ni jina? Nimesoma mpaka kidato cha nne, pua naijua. Lakini Dani pia nilimwona: tangu siku hiyo alisema Kisuba na kuku, na mtoto, na mimi, wala hakuuliza kama naelewa.

Sasa nimeolewa Migori, binti yangu ana wiki tatu, na juzi alikataa titi, nikaogopa, jamani niliogopa, nikapanda naye bodaboda hata viatu nimevaa visivyolingana. Muuguzi akaona utando mweupe mdomoni, akatoa dawa, akafungua kitabu cha kliniki. Jina? Mume wangu alikuwa bado hajachagua kati ya mawili ya Kizungu. Nikataja la Dani mwenyewe, lile la Kisuba alilozaliwa nalo. Muuguzi hakuwahi kulisikia, akaniomba nirudie.

Nikamtajia herufi kwa herufi, na nikangoja mpaka alipoandika ya mwisho.