Siku Arobaini Zilizokwenda na Maji

Watu humwita mume wangu Bwana Mvua, naye hakasiriki. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, huinama kwenye kipimamvua cha kituo cha hali ya hewa kilicho jirani na kwetu, akasoma milimita. Kisha humpigia dada yake, hutaja namba, hukata simu. Wifi yangu huyo ndiye aliyemwachia kazi, baada ya miaka ishirini na miwili bila kuruka siku. Alipostaafu alimwambia, "Siku ukiruka, usinijie hapa."

Mwaka huu daftari la mvua lilipojaa, bwana akasema basi, sasa ni kompyuta tu. Alikuwa amejifunza lugha ya programu miezi mitatu, akaandika mistari yake michache: fungua faili, andika tarehe na mvua, funga. Kila asubuhi alichungulia faili, akaiona namba ya leo, akasema, "Imo!" Kichwa kilimvimba.

Siku ya arobaini na moja akaiagiza programu isome mvua yote tangu siku ya kwanza ya faili. Ikasoma mstari mmoja.

Kosa lilikuwa herufi moja. Alikuwa akifungua faili kwa w, inayofuta kila kilichomo ndipo iandike, badala ya a, inayoongeza mwishoni. Kila asubuhi, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa akiifuta jana.

"Dada hatanisamehe," akasema.

"Kamwambie mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu."

Tulienda wote, maana peke yake angeishia njiani. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaishusha kalenda ya jikoni. Kila siku ilikuwa na namba, kwa kalamu ya wino. Hakukuwa na pengo hata moja.

"Kumbe unaniandika?" mume wangu akauliza.

"Nikuandike nisikuandike, hiyo namba ndiyo salamu yangu ya asubuhi. Kila asubuhi namba, wala shikamoo hata moja! Unakata kabla sijaitika."

Aliona haya. Mimi pia niliona haya, kwa kuwa nilikuwa nikimsikia kila siku na sikuwahi kumgombeza.

Jioni alirudisha kwenye faili namba zote alizonakili kwenye kalenda, kwa a. Kesho yake, saa tatu na dakika moja, nilimsikia uani, simu ikiwa kwenye spika: "Shikamoo dada. Umeamkaje? Leo milimita nne."

"Marahaba. Umeongeza, au umeandika upya?"

Chai yake ilipoa mezani, walikuwa bado wanaongea.