Mawese Kwenye Sahani ya Nesi Karmela

Nilipokuwa bado natembea kifua wazi mitaa ya Kasingirima, wakimbizi walishuka pale Kigoma wengi mpaka nchi kavu ikainama. Msinibishie, nilikuwepo. Mama yangu alimpa kibanda chetu cha uani mama mmoja wa Burundi, Mama Esperansi, na wanawe. Alikuwa amechoka yule mama. Mimi nimechoka sana katika maisha haya, hapa Kigoma hakuna wa kunishinda, lakini yeye nampa nafasi ya kwanza.

Asubuhi moja akamwona mdogo wangu Hamisi, mtoto mnene kuliko wote waliowahi kuzaliwa kandokando ya Tanganyika. Akacheka, akamtaja Mungu kwa Kirundi chao. "Mana yanje, katoto kanono haka!" Akaenda zake kuchota maji. Hakusema mashallah. Kwao hawana hiyo, na sisi hatukumwambia.

Jioni Hamisi akakataa kunyonya. Usiku mwili wake ukawaka, ungeweza kuchemshia chai. Kulipokucha, bibi mzaa baba alishakata shauri.

"Kapigwa jicho. Huyo mwanamke aondoke kabla ya adhuhuri."

"Aende wapi, mama?" mama yangu akauliza.

"Alikotoka."

Alikotoka kulikuwa kunaungua, kila mtu anajua. Majirani wakajaa uani. Mama Esperansi alifunga nguo zake kwenye kitenge, akafungua, akafunga tena.

Ndipo akaja Nesi Karmela wa zahanati ya wakimbizi, Mmarekani mwenye nywele nyeusi tii. Alikuja na dawa ya malaria. Bibi akasimama mlangoni. Dawa juu ya jicho inaua, alisema, jicho litoke kwanza.

Nesi akaweka mkoba chini. "Sawa, bibi. Kwetu pia, kwanza kupima."

"We! Mzungu anajua jicho?"

"Bibi yangu anajua. Ametoka Itali kwa meli, njaa, kwenda Amerika. Kule watu wanasema, hawa Waitaliano wachafu, wachawi, msiwape chumba. Yeye amebeba hii tu. Sahani, maji, mafuta. Mafuta yakitawanyika, jicho lipo. Yakikaa mviringo, hakuna."

Akaomba mafuta ya zeituni. Zeituni Kasingirima! Nikatumwa mawese kwa jirani, nikakimbia mbio ambazo mpaka leo hazijavunjwa.

Nesi akaweka sahani ya maji pale mlangoni, akanong'ona maneno, akafanya ishara ya msalaba. Bibi, swala tano yule, akatazama pembeni. "Hilo sikuliona," akasema. Kisha akauliza, "Maneno gani hayo?"

"Siwezi kusema. Bibi yangu alinifundisha mkesha wa Krismasi. Siku nyingine haifundishwi, nguvu inatoka."

Bibi akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi ni ya kweli. Ya uongo hutangazwa sokoni."

Tone likaanguka. Majirani wakasongea sahani. Yale mawese yalikaa juu ya maji mviringo, mekundu, kama shanga. La pili vilevile. La tatu vilevile.

"Hakuna jicho," Nesi akasema.

Bibi aliinama mpaka pua karibu iguse maji. Akainuka, akapisha mlango. "Mpe dawa mtoto. Na wewe mama wa Burundi, fungua mzigo."

Hamisi alipona, leo ana kitambi kushinda cha mkuu wa mkoa. Mimi nimejaribu mwenyewe ukubwani: mawese ya asubuhi huwa mazito, yameanza kuganda, yakidondokea maji ya mtungi hayatawanyiki hata uyaombe. Kama Nesi alilijua hilo, sijui. Nadhani hakujua. Nadhani aliamini kabisa.

Watu wanapenda nikiishia hapo, wacheke. Siku hizi sina nguvu ya kuwachekesha. Maana Mama Esperansi alikaa kwetu mpaka malori ya kambini yalipokuja kuwachukua, na muda wote ule hakumtazama tena Hamisi. Mtoto alishaanza kutambaa, anamfuata yeye tu, anang'ang'ania kitenge chake. Alimbeba, alimwimbia Kirundi mpaka analala. Lakini alikuwa anambeba uso ameugeuzia ukutani. Tulimsafisha mbele ya mtaa mzima, na bado hatukuweza kumrudishia ruhusa ya kumwangalia mtoto.