Nilivyoomba bei ya sarafu yangu ya Kirumi isipande, mtaimbo ukiwa juu ya kaburi la Babu

Ngo!

Kimya.

Ngo!

Chuma juu ya saruji. Sauti ilitoka nyuma ya migomba, na mimi nilikuwa sijafika hata kwenye kona ya nyumba.

Wakuu, heshima kwenu wote. Humu wengi mnanijua kwa hadithi zangu za kutunga. Hii sikuitunga. Ningekuwa nimeitunga ningejua mapema inaishaje.

Ni nyumbani kwa Bibi, Izigo, Muleba. Mimi naishi Bukoba mjini, nachapa barua za watu dukani kwa mtu, kwa mshahara, na Jumamosi nyingi naenda kumsalimia. Jumamosi ile kijiji kilikuwa kitupu. Kulikuwa na mazishi upande wa chini, na kwetu siku ya mazishi hakuna anayebaki shambani. Bibi alibaki kwa sababu ya goti lake.

Na kwenye kibanja chetu, kati ya migomba na mibuni, kitu pekee chenye saruji ni kaburi la Babu.

Nilisimama. Nilitaka kukimbia kwenda mbele na nilitaka kukimbia kurudi barabarani, vyote kwa wakati mmoja.

Ngojeni niwarudishe nyuma kidogo msije mkapotea.

Nakusanya sarafu za kale za Kirumi. Ndiyo, Roma ile ya makaisari. Chekeni kwanza, mimi nasubiri.

Nilianza siku nilipoona picha ya moja mtandaoni. Nikawaza: kuna muuza mkate aliwahi kuifinya hii kiganjani, ameshakuwa udongo, mji wake umeshakuwa udongo, lakini hela yake bado inatafuta mtu wa kuishika. Zinauzwa kwa mnada, online. Za dhahabu usiguse. Za shaba zilizochakaa hata mtu wa mshahara wangu anaweza.

Ila bei yake haina adabu. Sarafu ya kaisari yule yule, sura ile ile, mwezi huu inaondoka kwa bei ya mkungu wa ndizi. Mwezi ujao wanatokea wabishi wawili, inaondoka kwa bei ya mbuzi. Halafu inaanguka tena. Kama kahawa yetu tu, tofauti ni kwamba kahawa ikikosa bei unaweza kuitafuna.

Moja huwa natembea nayo mfuko wa shati. Ina kaisari mwenye taji la miale, kama mtu aliyefungwa jua kichwani.

Pasaka iliyopita niliitoa mezani kwa Bibi. Watu wameshiba ndizi, pombe ya rubisi ipo, kila mtu yuko vizuri. Baba mdogo Deus, mdogo wake marehemu baba, akaigeuzageuza.

"Umeitoa wapi?"

"Nimenunua, baba mdogo. Mnadani, kwenye simu."

Meza nzima ikacheka. Baba mdogo akafuta machozi kwa mgongo wa mkono.

"Proje, mwanangu! Nani ananunua hela iliyokufa kwa hela iliyo hai?"

Nikafungua simu niwaonyeshe huo mnada. Ukurasa uliofunguka ulikuwa wa sarafu ya dhahabu iliyokwisha kuuzwa. Nikawageuzia bei yake kwa shilingi.

Hakuna aliyecheka tena.

Sasa elewa kitu hiki kuhusu kwetu. Kitu cha kale hakinunuliwi. Kinarithiwa, au kinachimbwa. Na ukoo mzima unajua habari ya baba yake Babu, kwamba alibeba mizigo enzi za Mjerumani akalipwa rupia ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Babu naye alizikwa, rupia hazikuonekana. Mimi naonekana na hela ya kale mfukoni.

Watu wakajumlisha wenyewe: zimezikwa naye, na mimi najua zilipo.

Baba mdogo alikuwa amepoteza kibanja chake chote kwa mnyauko. Mgomba mmoja mmoja, majani yanageuka njano, unakata, unafukia, unalia. Siwaambii ili kumtetea. Nawaambia muone mtu aliyekuwa anafikiri nini wakati mimi natamba na bei.

Haya. Turudi kwenye ule mlio.

Nilipozunguka nyumba niliwaona watatu. Baba mdogo Deus, kofia mkononi. Mgeni mwenye jaketi la ngozi, ambaye walikuwa wanamwita Mtaalamu, mnunuzi wa rupia. Na jamaa mrefu mwenye gambuti, ndiye mwenye mtaimbo. Alikuwa anagonga pembe ya kaburi kusikiliza kama ndani kuna uwazi. Vigae viwili vilikuwa vimeshapasuka.

Na Bibi alikuwa amekaa juu ya kaburi.

Amekaa katikati, miguu amenyoosha kwa sababu ya lile goti, kitenge amekivuta hadi magotini, kama mtu anayeota jua.

"Mama, ondoka, waitu," baba mdogo alikuwa anambembeleza kwa neno letu la upole. "Tutajengea upya. Vigae vizuri zaidi."

"Nimekaa kwa mume wangu. Wewe umekaa kwa nani?"

"Ni baba yangu pia!"

"Basi mchimbe. Anzia kwangu, mimi ndiye niko juu."

Mtaalamu aliponiona akatabasamu. Wakuu, afadhali angenitukana.

"Huyu ndiye mwenye mzigo? Leta tuone."

Sarafu ilikuwa tayari kiganjani mwangu. Sikumbuki niliitoa saa ngapi. Nilikuwa nimeifinya kwa nguvu hadi ile miale ya kaisari imejichora kwenye ngozi, na mkono wote umelowa jasho.

Mtaalamu akatoa karatasi yenye mchele mfukoni. Kwa wasiojua, hawa watu wanaamini rupia yenye nguvu inavuta mchele. Akaichukua sarafu mkononi mwangu, akaishusha juu ya punje, akainyanyua.

Punje tatu zikaning'inia.

"Imevuta!"

Baba mdogo akapiga ishara ya msalaba. Jamaa wa mtaimbo akarudi hatua moja, kisha akaushika mtaimbo kwa mikono miwili.

Ni jasho langu, wakuu! Ni hofu yangu ndiyo iliyobeba ule mchele. Nikasema kaushe ujaribu tena, akanitolea macho.

"Haijaribiwi mara mbili. Inakasirika. Mzee, mwondoe mama yako."

Baba mdogo hakusogea. Lakini hakusema hapana. Nilimtazama Bibi. Midomo yake ilikuwa inacheza, anasali rozari bila rozari. Kijiji kizima kiko mazishini. Ningepiga kelele, ingesikia migomba tu.

Ndipo nikakumbuka. Sarafu kama ile ile, kaisari yule yule, ilikuwa kwenye mnada, na mnada ulikuwa unafungwa alasiri ile.

"Mnataka kujua thamani yake?" nikasema. "Ndugu yake anauzwa sasa hivi. Tuone bei. Ikiwa ni mali, ongeeni na Bibi. Ikiwa si mali, muondoke."

Mtaalamu akafikiri. Akakubali, maana ni mtu wa bei.

Jambo la ajabu ni kwamba kwetu mtandao unakamata pale pale kwa Babu tu. Miaka yote tunapigia simu kaburini. Kwa hiyo tulisimama wote kumzunguka Bibi, vichwa vimeinamia simu yangu, kama watu wa ibada.

Bei ilikuwa chini. Chini ya mkungu wa ndizi. Nikahema.

Halafu ikapanda.

Ikapanda tena. Mkungu mmoja. Kuku. Kuku wawili. Mtaalamu alikuwa anageuza kwa shilingi kwenye simu yake, ananitajia kwa sauti, na kila akitaja, jamaa wa mtaimbo anabadilisha mguu wa kusimamia.

Maisha yangu yote ya ukusanyaji nilikuwa naomba bei ya kaisari wangu ipande, nijione tajiri. Siku ile niliomba aanguke. Niliomba dunia nzima imsahau.

Na hapo, wakuu, ndipo nilipoona kitu.

Kwa nini inapanda kwa jozi? Mtu anaongeza, na papo hapo kuna anayemzidi kidogo. Anaongeza, anazidiwa. Nikatazama pembeni ya kioo.

Aliyekuwa anamzidi ni mimi.

Juzi yake nilikuwa nimeweka dau langu la siri. Unaweka kiwango chako cha juu, unakwenda kulala, mtambo unakupigania wenyewe hadi kifike. Na kiwango nilichoweka kilikuwa bei ya mbuzi. Mbuzi mzima! Haliondolewi likishawekwa. Nilikuwa nimesimama kando ya kaburi la babu yangu, tamaa yangu mwenyewe ikimpandishia bei.

Nikafunika pembe ya kioo kwa dole gumba.

"Inakimbia hiyo," Mtaalamu akasema polepole. "Inakimbia."

Ilifika karibu kabisa na mbuzi. Sekunde zikabaki chache. Bibi akaweka mkono wake juu ya kiatu changu, sijui kunituliza au kujishikilia.

Yule mtu wa mbali, Mungu amjalie maisha marefu popote alipo, akaacha kuongeza.

Kioo kikageuka kijani. Maneno ya Kiingereza yakajaa, makubwa, dole gumba halikutosha. Mtaalamu akaivuta simu.

"Hii inasema umeshinda. Umeshinda nini?"

"Nimeinunua."

"Wewe? Kwa hela yako?"

"Ya mshahara."

Akasoma tena. Jina langu lilikuwa pale. Akashuka chini ya ukurasa, akaona nyingine nne nilizonunua zamani, picha zake, bei zake, na ile aliyoishika ikiwa ya kwanza kabisa, imenunuliwa, haikuchimbwa. Uso wake ukaanza kupoa kama chai iliyosahaulika.

Jamaa wa mtaimbo ndiye aliyecheka kwanza. Alicheka hadi akakaa chini kwenye majani makavu ya migomba.

"Kumbe wanaonunua hela iliyokufa wapo! Deus, si ulisema hawapo? Huyu hapa! Hela hai anaitupa, anakusanya maiti!"

Akaichukua sarafu, akaisugua kwenye suruali, akaishusha kwenye mchele. Hakuna punje iliyonyanyuka. Akanirudishia mkononi kwa upole sana, kama unavyomrudishia mgonjwa dawa zake.

"Pole, kijana. Utapona."

Akabeba mtaimbo wake begani. Mtaalamu akamfuata bila kuaga, anamgombeza baba mdogo, aliyebaki pale pale, habari ya mafuta ya gari yaliyoteketea bure. Mpaka leo Izigo wananisalimia kwa huruma, na wanawake wanamuuliza Bibi kama nimeombewa. Sijali. Siku ile kuonwa mwendawazimu kulimwokoa Babu.

Nilichojifunza ni kwamba bei si habari ya kumwonyesha kila mtu. Wewe unaona namba inacheza, mwenzako anaona njia ya kutokea kwenye shida ambayo hujamuuliza. Mwenye mkusanyiko wa chochote, nyamaza nao. Karibuni mseme yenu, na anayejua namna ya kuweka dau la siri halafu kulifuta anielekeze, maana usingizi wangu bado haujarudi vizuri.

Ila kuna kitu kimoja bado.

Siku ile walipoondoka, nilimshika Bibi mkono tukaingia ndani. Baba mdogo akaja nyuma yetu. Akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, akatoa vipande vya vigae mfukoni, akavipanga mezani kimoja kimoja, kama vingeweza kuungana. Nadhani alikuwa anasubiri chakula. Au atukanwe.

Bibi hakumtukana.

"Deus, waitu. Mgeni husindikizwa na aliyemleta."

"Wameshaondoka, Mama."

"Basi utawakuta njiani."

Akainuka. Kofia aliivaa akiwa bado ndani, jambo ambalo hajawahi kufanya katika nyumba ile. Bibi akamfuata kwa goti lake bovu, hatua kwa hatua, hadi kizingitini, akasubiri kisigino chake cha mwisho kitoke, akaufunga mlango.