Jiwe Lililokosa Jina la Baba

Nyumbani kwetu Ilongero, mjukuu wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu yake. Baba alishafariki, mimi ndiye mtoto wake wa pekee, nimevuka arobaini, na mjukuu mwenyewe hajaonekana. Kosa si lake. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Safari yangu ndefu ni bodaboda hadi Singida mjini, na nikishuka tu naulizia ya kurudi.

Mwaka huu kanisa lilituletea mgeni, mzee wa Kijerumani. Alitukuta uani tunapura alizeti. Akamwamkia mama "Shikamoo" ingawa kamzidi umri, na mama akaipokea bila haya: "Marahaba, mwanangu. Shika fimbo."

Akapura. Huku akipura akaeleza kazi yake kwa Kiingereza, nami nikimtafsiria mama kwa elimu yangu ya kidato cha nne. Maisha yake yote amepiga picha za anga, akizilinganisha, akitafuta kinukta kilichohama. Kinachohama ni jiwe linalozunguka jua. Amegundua mawe mengi, na nyota mkia pia. Nyota mkia huitwa kwa jina la aliyeiona, lakini jiwe huruhusiwi kuliita kwa jina lako. Unapendekeza la mwingine. Analo moja bado halina jina. Je, sisi tungependa liitweje?

Mama aliacha kupura. "Mpe la baba yako."

Nikatafsiri upesi kuliko siku zote. Kazi niliyoikwepa miaka yote, kumbe jiwe lingenifanyia! Mgeni akatoa simu aandike.

"Ngoja kwanza," mama akasema. "Muulize, linatembea na nani?"

"Peke yake," mgeni akajibu.

"Likiitwa, linaitika?"

Mgeni akacheka. Hata kwa macho halionekani.

"Halina mwenzi, haliitiki, kutwa kuzunguka palepale." Mama akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Huyo si wewe? Mwambie aandike jina lako. La mume wangu aliache, namngojea mjukuu wa kumtuma maji."

Mgeni akaniuliza mama kasema nini. Nikamwambia anaomba muda wa kufikiri.

Keshaondoka. Juzi alituma ujumbe: mama amefikia wapi? Mama alikuwa pembeni yangu, anachambua mboga, akauliza ni nani. Nikasema ni watu wa mtandao, wanatangaza vifurushi. Akaitikia tu, akaendelea na mboga zake. Sijamjibu mzee wa watu mpaka leo. Nikituma la baba nimemnyang'anya mama mjukuu wake, na langu mkono unakataa kuliandika.