Kuvu Inayonukia Nazi

Mnyauko ulipoingia bonde la Kiwalani ulianza na nyanya. Mche unaamka vizuri, jua likikaza unalala, na ukishalala ndiyo basi. Wakulima walibadilisha dawa mpaka wakachoka. Ndipo Auleria, fundi wa maabara aliyezoea kununua mchicha pale, akaanza kuchota udongo wao na kwenda nao kazini.

Matuta mengi yalimtoa kapa. Kwa Bi Hamisa tu, ambako nyanya chache zilikuwa bado zimesimama, alikuta kuvu ya kijani inayoila kuvu inayoleta mnyauko. Akaiotesha kwenye chenga za mchele zilizopikwa, akamletea Bi Hamisa kwenye mfuko.

"Shikamoo, Bi Hamisa. Hebu nusa."

"Marahaba. Mh! Mbona kama tui la nazi?"

"Ndiyo alama yake. Mkizalisha wenyewe, isiponukia nazi muitupe."

Bi Hamisa akazichanganya chenga hizo na udongo, na msimu ule bustani yake ilistawi mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Bonde zima likaanza kupika chenga na kufunga mifuko.

Kisha kuku wa Badru, jirani wa Bi Hamisa, wakaanza kufa. Alikuwa akiwamwagia chenga zilizobaki. Auleria alipofika alioneshwa mfuko wa chenga zilizoota kijani, ila kijani cha kuelekea manjano. Alijifunga kitambaa puani kabla ya kuufungua. Vumbi jepesi likapaa.

"Kaka Badru, hii uliinusa?"

"Nanusaga kila asubuhi, sista. Nikajua nazi itakuja ikikomaa." Akageuka pembeni, akakohoa kwa muda mrefu, mkono ukutani.

Hadubini ya maabara ilimthibitishia Auleria alichokihofia: ulikuwa ukungu wa sumu, ule unaoharibu mahindi ghalani, na vumbi lake likiingia kifuani ni hatari. Alirudi mbio. Yeye na Bi Hamisa waliilowanisha mifuko yote ya Badru ili vumbi lisiruke, wakaifukia shimoni, wakampeleka Badru hospitali. Akalazwa.

"Ulimgawia nani mbegu ya kuvu hii?" Auleria alimuuliza kitandani.

"Kila aliyeomba. Wengine wachuuzi wa soko la Tandale, wakauze. Majina siyajui."

Auleria na Bi Hamisa walizunguka mlango kwa mlango, bondeni na Tandale, wakieleza mpaka sauti zikakauka. Baadhi waliitoa mifuko. Wengine waliwajibu wakiwa nyuma ya mlango kwamba hawana kitu. Badru aliruhusiwa akiwa amekonda, hawezi tena kuinua keni ya kumwagilia. Na wiki hiyo hiyo, mchuuzi mmoja wa Tandale akaletwa wodini, anakohoa damu.