Karani wa zahanati, printa moja na vyumba vitatu

Saa mbili na robo asubuhi. Printa inaunguruma bila mtu kuigusa, na karani wa mapokezi anaruka kitini kama aliyechomwa sindano.

“Bado sijazoea,” anasema, macho yakiwa kwenye karatasi inayotoka. Ni majibu ya damu, yametumwa kutoka maabara, mlango wa tatu. Analisoma jina mara mbili, kisha analiita koridoni.

Ana miaka arobaini na mmoja, tisa kati ya hiyo katika zahanati hii. Wauguzi humwita Mama Waya, na jina hilo alilitolea jasho.

Zahanati ina printa moja, ya kuunganishwa kwa waya wa USB tu. Kompyuta ni tatu, kila moja na mfumo wake: ya mapokezi ni Windows, ya maabara ni Linux, na daktari anatumia Mac yake mwenyewe. Flashi zilipigwa marufuku baada ya kuleta virusi. Kwa hiyo printa ilipanda toroli, ikazungushwa vyumba vyote.

“Jumatatu moja nilihesabu safari. Nilipofika sitini na mbili nikaacha. Wagonjwa wakisikia magurudumu tu, wanakunja miguu.”

Aprili mwaka jana alichomeka waya maabara, na majibu yaliyokwama kwenye kompyuta tangu jana yake yakatangulia kutoka. Kwa haraka, akamkabidhi mama mjamzito. Daktari alikwishashika kalamu aandike dawa alipoona mgonjwa wa kwenye karatasi ni mwanamume.

“Nilijifungia stoo nikalia,” anasema. “Nikajiambia, waya huu utaua mtu.”

Akaomba ruhusa ya kuja Jumamosi. Mtaalamu wa maabara hakuficha wasiwasi wake.

“Dada, kompyuta hizi hazielewani lugha. Utaharibu hata hicho kidogo tulichonacho.”

“Basi nitakuwa mkalimani, kaka.”

Aliiacha printa kwenye kompyuta yake, akairuhusu itumiwe na wengine kupitia mtandao wa zahanati. Mac ya daktari ilikubali siku hiyohiyo. Ya maabara ilitapika kurasa arobaini za alama za ajabu, kama nyayo za kuku aliyekanyaga wino. Jumamosi ya pili, vilevile. Karatasi zikaisha, akanunua nyingine kwa fedha yake na nyumbani hakusema.

Jumamosi ya tatu akagundua kosa lake: kwenye orodha alikuwa amechagua aina nyingine ya printa. Akairekebisha, akabonyeza, akatoka mbio kwenda mapokezi.

“Imetoka?” mtaalamu akamfuata akihema.

Aliinua karatasi juu, maandishi yakiwa safi.

Toroli limerudi kubeba dawa, lakini yeye hajatulia. Kila kitu sasa kinapita kwenye kompyuta yake. Ikizimwa, vyumba vyote vitatu vinakwama, kwa hiyo hata chai anainywa amesimama, sikio likiwa mezani. Tangu siku hiyo hajachukua likizo. Mama yake, anayeishi safari ya siku nzima kutoka hapa, alifanyiwa upasuaji wa macho bila yeye kuwepo.

“Aliniuliza kwenye simu, ‘Mwanangu, hiyo mashine ndiyo iliyokuzaa?’”

Jibu analitafuta stoo, kwenye kompyuta kuukuu aliyoifuta vumbi wiki iliyopita. Anataka printa ihamie huko, na kompyuta hiyo isiwe na kazi nyingine ila kubaki imewashwa na kuhudumia wote. Sista mkuu amekubali. Mtaalamu wa maabara anajifunza kuiwasha upya, na amejaza daftari zima maelezo.

Fomu ya likizo imesainiwa: siku kumi na mbili, kuanzia Alhamisi ijayo.

“Mama anataka anione vizuri kwa macho yake mapya. Na sista mkuu ameniambia nikifika nizime simu.”

Atazima?

Anatazama dirishani, anacheka kidogo. “Nitazima. Siku ya kwanza, mpaka saa nne.”