Posho ya Mama na Neno ya Kingereza

Bantu ya kambi balikuwa banasema mama yangu iko kichwa nguvu. Balisema kweli, na miye nimefanana naye.

Baba alikuwa anatumika mu mine, ile machimbo yenye kambi. Kila siku ya Mungu, ndiyo Jumapili, mangaribi, alienda kwa pasta moja muzee, Muzungu, kujifunza Kingereza. Siku moja alirudia na neno: withstand. Pasta alimuelezea chanzo yake. Zamani, bankambo, babu ya babu ya Baingereza, balikuwa banasema with, maana yake kuelekea adui. Withstand ilikuwa kusimama uso kwa uso na muntu, kukataa kusogea. Kisha ile with iligeuka, ikakuwa "pamoja na". Maana ya zamani ilibakia tu mu maneno kidogo, kama hii.

Baba alifurahi sana. Mama aliendelea kula bukari yake, ugali ya mahindi.

"Basi nabo Baingereza balikuwa na bajirani," alisema.

Mukubwa ya kambi, Mubeleji, hakupenda Kingereza. Alisema ile luga inaleta fujo kutoka Rodezia. Alimwambia baba aache masomo, ao bibi yake na batoto habatapata posho tena. Baba akasema ataacha. Nilimukasirikia. Mama alimukasirikia zaidi.

"Hapana kuacha. Posho nitaenda kuchukua miye mwenyewe."

Siku ya posho alisimama ku dirisha ya depo, kwenye banagawa unga. Kapita, musimamizi ya foleni, alimwambia atoke. Hakutoka.

"Mama, asiyesikia ya mukubwa anavunjika mguu."

"Nikivunjika, njo wewe utanibeba."

Banamuke balikuwa nyuma yake, mifuko mu mikono. Kapita alibaita bapite ku upande. Hakuna hata mumoja alipita. Jua ilipanda, unga haitoki, na banaume balikuwa karibu kurudia kutoka kazi na njaa yabo. Mwisho, Muzungu ya depo alimupimia mama unga yetu. Nilijivuna ile siku, na ningali ninajivuna.

Lakini mukubwa ya kambi hakusahau. Mwezi haukuisha, alitufukuza mu nyumba ya kambi. Tulibeba vyombo mpaka Kenya, mutaa ya hapa mu muji, tukapata chumba moja ya matofali mabichi. Baba alikaa juu ya mizigo, kichwa chini, anasema yeye njo alituharibia maisha.

Mama alikuwa anawasha moto. Hakumufariji.

"Leo siku ya Mungu," alisema. "Enda kusoma."